Fleti ndogo inabana? Soma dalili kabla ya kununua kioo

Malalamiko ni yale yale: chumba kimefagiliwa, kuta zimepakwa rangi nyeupe, kioo kikubwa kimetundikwa, na bado ukiingia unahisi kuta zinakusogelea. Mbinu zenyewe si mbaya. Zimetumika tu kabla ya mtu kujua kinachombana ni nini.

Chumba hubana kwa namna tatu. Hubana miguu: unapita ubavu, unagonga kona ya meza, droo haifunguki mpaka usogeze kiti. Hubana macho: unatembea vizuri, lakini jicho linagonga vitu kabla ya kufika ukutani. Na hubana pumzi: joto, harufu iliyokwama, unyevu, kelele. Kila moja ina tiba yake. Kioo chenye urefu wa mita mbili hakikuongezei hata sentimita moja ya kupita, na rangi nyeupe haiondoi hewa nzito.

Kwa hiyo tenga dakika 20 za kupima kabla ya kugusa kitu. Unahitaji futi ya kupimia, karatasi na simu.

1. Simama mlangoni, weka simu usawa wa macho, piga picha bila kupanga chochote. Jicho la mwenyeji limezoea, picha haijazoea. Angalia sakafu inaonekana kiasi gani, na kama unaona angalau kona moja ya mbali kutoka juu mpaka chini.
2. Pima urefu, upana na kimo cha chumba, kisha kina cha kila samani, yaani kutoka ukutani mpaka ukingo wake wa mbele. Watu wengi hupima urefu wa sofa na kusahau kina, na kina ndicho kinachokula chumba kidogo.
3. Tembea njia unazopita kila siku (mlango hadi kitanda, kitanda hadi bafu, sofa hadi jikoni) na upime mahali pembamba zaidi katika kila njia.

Vipimo vya kulinganisha: njia kuu ipate sentimita 75 hadi 90. Kando ya kitanda 60 zinatosha. Kati ya sofa na meza ya katikati, 40 hadi 45. Nyuma ya kiti cha meza ya chakula 75 ili mtu avute kiti na kuinuka, na zaidi ya 90 kama kuna wengine wanaopita nyuma yake. Mbele ya kabati la milango ya bawaba acha 90. Njia yoyote ya kupita iliyo chini ya 60, mwili hujipinda wenyewe, na kila ukijipinda akili inaandika kwamba hapa ni padogo.

Dalili: unapita ubavu na kugonga samani

Chanzo cha kwanza, na ndicho kinachokutwa mara nyingi, ni vitu vilivyowekwa chini kwa muda na vikabaki: viatu, mikoba, ndoo, boksi la kifaa kilichonunuliwa mwaka jana. Ondoa kila kitu kilicho sakafuni ambacho hakina miguu yake, kiweke chumba kingine kwa siku moja, kisha pima njia upya. Kama njia zote zimefika 75, hukuwa na tatizo la samani. Ulikosa kulabu nne na rafu ya viatu. Rafu ya viatu ya kusimama, ile ambayo viatu huingia kwa kuinama, ina kina cha sentimita 17 hadi 20 tu, wakati ya kawaida huchukua 30 au zaidi.

Kama bado unabanwa, tuhumu meza ya katikati kabla ya kulituhumu sofa. Chukua chumba chenye upana wa sentimita 300. Sofa ina kina cha 95, meza 60, kabati la televisheni 45. Jumla 200. Zimebaki 100, ukiacha 40 kati ya sofa na meza, njia iliyo mbele ya televisheni ni 60, na mkoba mmoja ukiachwa chini njia hiyo imekufa. Sasa badilisha viwili tu. Meza iwe nyembamba ya sentimita 40, na kabati la televisheni lipishe shelfu ya ukutani yenye kina cha 25. Jumla ya vitu ni 160, zimebaki 140, na ukitoa zile 40 njia imekuwa mita nzima. Sofa haijaguswa.

Sofa lifuate kama hesabu bado haitoshi. Tazama mikono yake. Mikono minene ya sentimita 25 kila upande hula nusu mita ambayo hakuna anayeikalia. Yenye mikono ya sentimita 8 hadi 10 hutoa viti vile vile kwa urefu mfupi zaidi. Kina cha 80 hadi 85 kinamtosha mtu mzima kukaa vizuri. Kabla ya kulipia, kata magazeti kwa umbo la samani mpya, yabandike sakafuni kwa utepe wa karatasi, na uishi nayo siku mbili. Ukijikuta unakanyaga magazeti, samani hiyo ni kubwa.

Chanzo kinachosahaulika ni milango. Mlango wa sentimita 80 unafagia karibu nusu mita ya mraba ya sakafu ambayo huwezi kuweka kitu. Milango ya ndani inaweza kuhamishiwa bawaba upande wa pili ili ifungukie ukutani, au kuwa ya kuteleza. Milango ya kabati la nguo inaweza kutolewa na kuwekwa pazia. Kazi ya bawaba mpe seremala, kwani mlango uliopinda milimita chache hukwaruza sakafu na haufungi. Mlango mkuu, au mlango wowote wa kuzuia moto, usiubadilishe wala kuuziba. Dirisha linalotumika kutokea wakati wa hatari nalo lisizibwe na samani, hata kama hapo ndipo kabati lingekaa vizuri.

Dalili: pamepangwa, pako safi, lakini macho hayapumziki

Hapa miguu ina nafasi. Angalia ile picha uliyopiga mlangoni na uhesabu vitu vidogo vilivyo wazi: chupa, chaja, vitabu, mapambo, dawa, rimoti. Sehemu ya juu ya meza au kabati ikibeba zaidi ya vitu vitano au sita, jicho huisoma kama fujo hata vitu vikipangwa mstari ulionyooka. Ondoa vyote, rudisha vitatu, vingine vitie kwenye boksi au droo yenye kifuniko. Vitu 30 ndani ya kikapu kimoja ni kitu kimoja kwa jicho.

Kinachofuata ni samani zinazogusa sakafu kila upande. Kabati lenye miguu ya sentimita 12 hadi 15 huacha sakafu iendelee mpaka ukutani, na jicho hupima chumba kwa sakafu linayoiona. Samani za mtindo wa boksi huikata sakafu hiyo. Huna haja ya kununua nyingine kama ulizonazo ni imara: seremala anaweza kufunga miguu chini ya kabati la chini au sofa, mradi fremu ni ya mbao ngumu. Ubao wa chembechembe zilizoshindiliwa hauaminiki kubeba uzito kwenye nukta nne ndogo. Hupasuka kwenye skrubu.

Zulia dogo ni kosa lingine la mara kwa mara. Zulia linaloelea katikati ya chumba kama kisiwa huonyesha wazi mipaka ya eneo la kukaa, na mipaka hiyo ni midogo. Chagua linaloingia chini ya miguu ya mbele ya sofa na viti kwa sentimita 15 hadi 20. Kama la ukubwa huo halipatikani, afadhali sakafu tupu.

Halafu kuna mahali pa samani ndefu. Kabati refu likiwa karibu na mlango, jicho linagonga hapo na safari imeisha. Lihamishie ukuta ule ule wa mlango, ili uwe umelipa mgongo unapoingia. Samani za chini ndizo zikae upande unaotazama. Hii ni kazi ya nusu saa isiyo na gharama, na matokeo yake huonekana kuliko ya rangi.

Onyo: kila kabati lenye kimo kinachopita kiuno lifungwe ukutani kwa kibano cha chuma, hasa palipo na watoto. Droo tatu zikifunguliwa pamoja hulivuta kabati mbele, na mtoto akipanda linamwangukia. Ukuta ukiwa wa jipsamu, skrubu ya kawaida itachomoka. Tafuta mbao au chuma kilicho nyuma yake, au mwite fundi.

Dalili: chumba kina giza na kona zinaonekana kukaribia

Anza na dirisha, na kwenye dirisha anza na pazia. Hebu tulitazame dirisha la upana wa sentimita 120 lililofungwa fimbo ya 130. Pazia likifunguliwa hujikusanya kila upande na kuwa furushi la sentimita 20 hadi 25. Nje ya kioo kuna sentimita 5 tu kila upande, kwa hiyo 15 hadi 20 za furushi hilo zimekaa juu ya kioo. Pande mbili pamoja ni 30 hadi 40. Robo mpaka theluthi ya dirisha imezibwa mchana kutwa, huku mwenyewe akidhani pazia liko wazi. Fimbo ya sentimita 180 inampa kila pazia sentimita 30 za kukaa mbele ya ukuta, na dirisha lote linarudi. Ifunge sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu au karibu na dari, na pindo la pazia liishie sentimita moja kutoka sakafuni. Pazia linaloishia usawa wa magoti hukata ukuta vipande viwili.

Kisha ondoa vitu vilivyopangwa dirishani na usafishe vioo pande zote mbili. Kwenye ghorofa, upande wa nje usioufikia ukiwa umesimama ndani na miguu yako sakafuni, uache. Usikalie kizingiti, usijitoe nje. Hiyo ni kazi ya wasafishaji wenye kamba na vifaa.

Usiku, chanzo kikuu ni taa moja katikati ya dari. Inamulika sakafu na vichwa vya watu, kona zinabaki na giza, na jicho huhesabu mwanzo wa giza kuwa ndio mwisho wa chumba. Chumba cha mita 12 za mraba kinahitaji takriban luksi 150 za mwanga wa jumla (luksi moja ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba, na lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye balbu), yaani lumeni 1,800 zinazofika. Kwa kuwa mwanga mwingine hupotea kwenye vifuniko na kuta, panga lumeni 2,500 hivi. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa karibu lumeni 800, kwa hiyo ni balbu tatu. Zisambaze: moja darini, moja kwenye kona ya mbali ikimulika ukuta kwenda juu, moja karibu na unapokaa. Tatu zilizosambazwa hushinda moja kali yenye mwanga sawa na zote.

Soma pia kelvini kwenye boksi la balbu, yaani namba ya rangi ya mwanga: ndogo ni ya manjano, kubwa huelekea buluu. Sebuleni na chumbani 2,700 hadi 3,000. Juu ya meza ya jikoni 4,000 inafaa. Ukichanganya balbu ya manjano na ya buluu kwenye mtazamo mmoja, chumba huonekana kimegawanywa.

Rangi ije baada ya taa. Nyeupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoifikia, lakini haiwezi kurudisha mwanga ambao haupo. Kwenye chumba chenye giza huwa kijivu cha huzuni. Ndiyo maana watu hupaka rangi na kuvunjika moyo. Mwanga ukishatosha, paka kuta rangi nyepesi isiyong'aa, na skatingi (ukanda wa chini ya ukuta, juu ya sakafu) na milango rangi hiyo hiyo ili mistari ya kukata ukuta ipungue. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kadibodi cha sentimita 50 kwa 50, ukihamishe kuta tofauti asubuhi, mchana na usiku. Kwa hesabu: chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5 kina kuta za mita 35 za mraba, karibu 30 ukitoa mlango na dirisha. Lita moja hufunika mita 10 hadi 12 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, hivyo mikono miwili hutaka lita 5 hadi 6.

Simama hapa ikiwa jengo ni la zamani na rangi ya chini inabanduka. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu. Marekani iliipiga marufuku kwa nyumba za makazi mwaka 1978, na nchi nyingi zilichelewa zaidi. Usiisugue kwa msasa mkavu, kwa kuwa vumbi lake ndilo sumu, hasa kwa watoto wadogo. Lete mtaalamu aipime.

Simama pia ikiwa soketi inakuwa ya moto, swichi inatoa cheche, taa zinafifia kila kifaa kinapowashwa, au unasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Zima swichi kuu na umwite fundi umeme. Usiongeze taa kwenye ekstensheni iliyoingizwa kwenye ekstensheni nyingine, na usipitishe waya chini ya zulia.

Dalili: kioo kipo, lakini hakijabadilisha kitu

Karibu kila mara, kioo kinatazama kitu kisichofaa. Kikitazama ukuta mtupu kinakupa ukuta wa pili. Kikitazama kabati lililojaa kinakupa makabati mawili. Chukua kioo kidogo cha mkononi, kibandike bapa ukutani kwa utepe pale unapofikiria kuweka kikubwa, nenda ukakae unapokaa kila siku, na uone kinaleta nini. Sogeza mpaka kilete dirisha, mwanga wa mlango ulio wazi, au kona ya mbali zaidi. Mara nyingi nafasi bora ni ukuta ulio pembeni mwa dirisha, kwani kinapokea mwanga kwa ulalo na kuupeleka ndani. Mkabala na dirisha ni sawa pia, isipokuwa kama jua la jioni litakupiga usoni.

Sababu nyingine ni ukubwa na idadi. Kioo kimoja chenye upana wa sentimita 80 au zaidi, katikati yake ikiwa usawa wa macho, hufanya kazi. Vioo saba vidogo vya mapambo huvunja taswira vipande na kuongeza fujo.

Uzito usiudharau. Kioo huwa na kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Cha sentimita 120 kwa 80 chenye unene wa milimita 4 kina kilo 9.6, bila fremu. Gundi peke yake juu ya rangi si salama, sababu kinachoshikilia ni rangi, na rangi hubanduka. Tumia kulabu mbili zilizofungwa kwenye ukuta imara. Usikitundike juu ya kichwa cha kitanda. Kioo cha ukuta mzima, au kinachohitaji kukatwa mahali pa soketi, ni kazi ya fundi vioo.

Dalili: dari inakukandamiza

Ukisimama na kuhisi dari iko karibu, angalia kwanza taa inayoning'inia. Ibadilishe kwa taa inayolala bapa darini, na uongeze taa moja ya kumulika juu. Pili, mapazia: kupandisha fimbo kama ilivyoelezwa hapo juu huongeza kimo kwa jicho kuliko hila nyingine yoyote. Tatu, ule mwanya wa sentimita 30 juu ya kabati uliojaa mabegi. Mabegi yakitoka, au kabati likifikishwa darini na kupakwa rangi ya ukuta, kabati hugeuka kuwa ukuta. Nne, viti virefu. Sofa lenye kikalio cha sentimita 38 hadi 40 na mgongo mfupi huacha ukuta mwingi uonekane juu yake.

Wengi huuliza kuhusu kitanda cha juu chenye meza chini yake. Piga hesabu kabla ya kumwona seremala. Juu ya godoro unahitaji sentimita 90 hadi 100 ili ukae bila kugonga kichwa, na godoro pamoja na fremu huchukua 30. Dari ikiwa sentimita 260, toa 95, toa 30, zimebaki 135. Utakaa chini yake lakini hutasimama. Kusimama kunataka dari ya mita 3 na zaidi. Kamwe kitanda hicho kisiwe chini ya feni ya dari. Panga za feni zikae angalau mita 2.1 kutoka mahali mtu anaposimama, na aliyelala juu akiinuka yuko katikati yake.

Kubomoa dari ili kupata kimo usijaribu mwenyewe. Ndani yake hupita nyaya na mabomba, na dari za zamani zinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake huharibu mapafu.

Dalili: chumba ni chembamba kama korido

Haraka tu: acha kupanga samani zote kwenye kuta mbili ndefu, kwa maana hiyo huchora reli mbili na kuzidisha wembamba. Gawa chumba maeneo mawili, kila moja na taa yake, na weka angalau samani moja ikikatiza upana kwa sehemu, kwa mfano kiti au rafu fupi, ukilinda njia ya 75 upande mmoja. Ukuta wa mwisho ukipakwa rangi nzito kidogo kuliko mingine huonekana kusogea karibu, na umbo hurudi kuwa la chumba.

Dalili: chumba ni kimoja na kitanda kimekitawala

Kama kitanda ndicho kitu cha kwanza kuonekana mlangoni, chumba chote ni chumba cha kulala. Jaribu kukigeuza ili ubavu mrefu uguse ukuta; kwa mtu mmoja unapata hadi sentimita 60 za sakafu, maana unahitaji njia upande mmoja tu. Kisha weka kizuizi chenye kimo cha sentimita 120 hadi 140, kama rafu isiyo na mgongo. Ukiwa umekaa inaficha kitanda. Ukisimama unaona chumba kizima juu yake. Kizuizi kinachofika darini hukupa vyumba viwili vidogo na kimoja bila dirisha. Pazia jepesi kwenye reli ya dari ndilo pekee la kimo chote linalofaa, kwa kuwa mchana unalifungua.

Uvungu wa sentimita 25 hadi 30 hubeba maboksi ya nguo za msimu. Yafunike kwa shuka linaloshuka, la sivyo umehamisha fujo kutoka juu kwenda chini.

Dalili: hewa ni nzito, unataka kutoka nje

Mtu anasema chumba ni kidogo, kumbe hakipumui. Angalia kama samani imeziba dirisha au tundu la hewa, na kama kuna dirisha ambalo halijafunguliwa wiki nzima. Fungua madirisha mawili ya pande zinazotazamana, au dirisha na mlango, kwa dakika 10 hadi 15 asubuhi na jioni. Samani zilizoegemea ukuta wa nje zivute sentimita 5 ili hewa ipite nyuma.

Kuanika nguo ndani ni chanzo kikubwa: nguo za mfuo mmoja wa mashine huweza kuachia lita moja hadi mbili za maji hewani. Ukilazimika, anika bafuni, mlango umefungwa, dirisha au feni ya kutoa hewa ikifanya kazi. Kipimo kidogo cha unyevu kinasaidia. Lenga asilimia 40 hadi 60.

Kuvu la eneo dogo lisafishe kwa sabuni na maji ukiwa na glavu na barakoa, ukaushe vizuri. Usichanganye dawa ya klorini na siki au amonia, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Kuvu likizidi mita moja ya mraba, au likirudi baada ya kusafishwa, kuna maji yanayopenya mahali. Tafuta fundi wa kuchunguza ukuta na mabomba kabla ya kupaka rangi juu yake. Na kama unatumia jiko au hita ya gesi na unaumwa kichwa ukiwa ndani, nafuu ukitoka, usianze kuchunguza. Mtoe kila mtu nje, kisha piga simu ya dharura. Huenda ni monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto usioungua vizuri, na haina harufu.

Kelele huhesabika hapa pia. Aliyeondoa kila kitu hujikuta na chumba chenye mwangwi kinachochosha kama kilichojaa. Zulia, mapazia mazito kidogo na rafu ya vitabu hurekebisha hilo.

Dalili: nilipanga vizuri, baada ya wiki tatu kila kitu kimerudi

Huu si uvivu. Kitu hurudi mezani kwa kuwa makazi yake yako mbali na kinapotumika, au yanahitaji hatua nyingi: fungua mlango, ondoa boksi, inua kifuniko. Cha kila siku kiwe hatua moja, kati ya usawa wa kiuno na macho. Cha kila wiki kiwe hatua mbili. Cha mara moja kwa mwaka kiende juu ya mlango au uvunguni. Rafu za juu ziwe na kina cha sentimita 25 hadi 30. Zikizidi hapo vya nyuma husahaulika, na vya mbele humwangukia anayevishusha.

Ukifikiria kuvunja ukuta

Hili huja mwisho, baada ya yote hayo kushindikana, na kwa mpangaji halianzi bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba. Kugonga ukuta na kusikiliza mlio hakuambii kama unabeba jengo. Ukuta mwembamba unaweza kubeba, na mnene usibebe. Kabla ya hapo jaribu kutoa bawa la mlango wa ndani na kuacha uwazi. Mara nyingi ule mtazamo wa kupenya vyumba viwili ndio uliokuwa unautamani.

Hata toboo moja la drili lina sheria yake: usitoboe juu, chini wala pembeni ya soketi au swichi kwa mstari ulionyooka, ndiko nyaya hupita. Na ukiona ufa unaopita ulalo kutoka kona ya mlango au dirisha, unaoongezeka upana, acha kazi yote.

Mwenye neno la mwisho ni mhandisi wa majengo, si fundi anayesema ameshavunja mingi kama huo. Mpelekee mchoro wa sakafu wenye vipimo, unene wa ukuta, picha za pande zote mbili, na maelezo ya kilicho juu na chini yake kwenye ghorofa nyingine. Akihitaji kutoboa kidogo ili aone ndani, mruhusu.